Mtoto wa Mwambata

Nchi yenyewe msiniulize jina lake. Nililijua, nikalisahau kwa makusudi, maana huko kukumbuka majina ni kazi ya serikali, na anayefanya kazi ya serikali bila barua ya uteuzi hajui atakapolala. Niwaambieni hili tu: ilikuwa nchi ya wageni wengi wa heshima. Mabalozi, waambata, makatibu wao, madereva na wapishi waliotoka nao kwao. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao jembe la nini? Mgeni walimpa fomu saa ile ile ya kwanza, kabla ya maji ya kunywa, na hata hajapata pa kuweka mkoba wake alikwisha kuulizwa mama yake anaitwa nani.

Fomu ilikuwa na nafasi arobaini na mbili. Jina. Jina la mama. Jina ulilokuwa ukiitwa utotoni na hulipendi. Ugonjwa unaouficha. Alama ya mwilini na ilivyopatikana. Watoto, majina na umri. Mtu utakayemwita ukishikwa na hofu. Na kadhalika na kadhalika, mpaka mgeni akafika nafasi ya mwisho amechoka kuwa mtu. Walikuwapo waliodhani serikali inayataka hayo ili iwapeleleze. Wangejua ukweli wangeona afadhali upelelezi. Serikali ile haikuwa na haja na jina la mama wa mpishi wa ubalozi. Ilikuwa na haja na ule wakati mpishi anapolitamka, mbele ya kioo, kwa mtu asiyemjua, na mtu huyo asiinue hata uso. Kuanzia hapo mpishi alikuwa na kitu chake ndani ya kabati lisilo lake. Hata angerudi kwao, akaoa, akajenga, akazeeka, kitu hicho kingebaki kule, na yeye asingekuwa amerudi sawasawa.

Aliyekuwa hainui uso ni Makungu.

Makungu wa Dirisha la Tatu, Masjala ya Wageni wa Heshima, miaka kumi na tisa juu ya kiti kimoja. Mtu mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri hata wakubwa wakiutazama husahau kusoma kilichoandikwa. Nyumbani alikuwa na mkewe, Hidaya, na binti mmoja tu, Nunuu, waliyempata baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kuwasengenya. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, nasema hivyo bila kuona haya kwa niaba yake. Kusoma alimfundisha mwenyewe, kwa kupiga makofi: silabi, kofi, silabi, kofi, na mtoto akikosea hakumwambia umekosea, alimwambia mwanangu, sema tena.

Sasa sikilizeni desturi ya masjala ile, maana balaa lote limetoka humo. Fomu haikupanda ghorofani ikiwa na nafasi tupu. Wageni nao ni watu wenye kiburi chao; mtu hufika nafasi ya ishirini na nne akaweka kalamu chini, akatabasamu, akasema hili halikuhusuni. Na haki hiyo alikuwa nayo, mataifa yameandikiana na kutiliana sahihi. Lakini ghorofani hawakutaka kusikia habari za mataifa. Ghorofani nafasi tupu ilikuwa uvivu wa karani. Kwa hiyo makarani wakawa wanaazima. Mgeni akiacha wazi, karani anampa cha kwake.

Aliyemfundisha hayo ni Bi Kazija wa Dirisha la Pili, mama mzito, mcheshi, aliyemtangulia kazini.

“Hana mama? Mpe mama,” alimwambia siku ya kwanza, anamenya chungwa juu ya faili la balozi. “Hana kovu? Mpe kovu. Lakini nikuambie kitu, mdogo wangu. Ukiazima, azima kwa wafu. Wafu hawana pa kupelekwa.”

Makungu akaazima. Katibu mmoja alipata bibi yake aliyekufa. Dereva mmoja alipata kovu lake la gotini, la kuanguka kwenye mfenesi. Na kwa kuwa katika nchi ile kilichoandikwa kwa mwingine humwondoka mwenyewe, siku ya pili yake Makungu alipandisha suruali akakuta goti laini. Alipoazimisha jina lake la utotoni, mama yake mzazi aliacha kumwita hivyo, akawa anamwita wewe. Siku yake ya kuzaliwa alimpa mhasibu wa ubalozi fulani, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza ana miaka mingapi. Hakuhuzunika. Mtumishi wa serikali hutoa vingi kuliko hivyo, na huyu angalau alijua vimekwenda wapi.

Ndipo alipokuja Halvek.

Miaka minne kabla ya balaa, mwambata wa biashara wa Ufalme wa Ng'ambo, mrefu, pua imekuwa nyekundu kwa vumbi la masjala. Alijibu kila kitu kwa adabu. Alipofika kwenye watoto akaweka kalamu chini.

“Hili, bwana, nitabaki nalo mwenyewe.”

“Hapana shida, bwana,” Makungu akasema bila kuinua uso.

Siku ile Nunuu alikuwa anatimiza miaka tisa. Ndani ya mkoba wa Makungu mlikuwa na viatu vyekundu alivyomnunulia, na tangu asubuhi jina la mtoto lilikuwa ulimini mwake, analitafuna peke yake njiani. Akaishika kalamu, nafasi ikiwa tupu, moyo umejaa, na mkono ukaandika: Nunuu, miaka tisa. Alipoona alichoandika alitaka kukivuruga, halafu akajiambia kesho nitaweka maiti yeyote. Lakini huko kesho haiji yenyewe. Kila asubuhi askari wa mlangoni husoma kwenye karatasi leo ni siku gani. Asubuhi ile akasoma kwamba kesho imeahirishwa, leo ni jana tena mpaka mtakapotangaziwa. Makungu akaingia ndani ya jana ile ile, akakuta fomu imekwisha kupanda.

Tangu hapo Nunuu hakukua; miaka yake ilikuwa imeandikwa kwa mwingine. Mwaka ukaisha, tisa. Wa pili, tisa. Jino lake lililokuwa linatikisika likaendelea kutikisika, vile viatu vyekundu vikamtosha mpaka vikachanika soli vingali vinamtosha. Hidaya alimshukuru Mungu kwa sare zisizopungua urefu. “Mtoto wa baraka huyu,” aliwaambia majirani. Walimu walishangaa, halafu wakazoea, kama watu wanavyozoea kila kitu kisichowauma wao. Makungu ndiye aliyejua. Na mtu ambaye kila jioni anapokewa mlangoni kwa mbio zile zile za miguu midogo atalalamika wapi? Alinyamaza, na tuseme kweli, alifurahi. Mengine yote tunaweza kuyaita makosa. Furaha hiyo ilikuwa dhambi.

Halvek akamaliza muda wake akaenda zake. Mwaka mmoja baadaye Ufalme wa Ng'ambo ukaandika barua, barua ya adabu kabisa: watu wetu waliokwisha kuondoka kwenu, tafadhali futeni taarifa zao, ni zao, si zenu, na nyingine tumesikia si za kweli. Serikali ikakasirika kama mke mkubwa aliyeambiwa aonyeshe cheti cha ndoa. Amri ikatoka mafaili yote ya Ng'ambo yafunguliwe, wahesabiwe walioingia na waliotoka, na yeyote aliyeingia bila muhuri wa kutoka akusanywe, awekwe kwenye Nyumba ya Wategemezi, nyuma ya masjala, mpaka Ufalme uitafune barua yake. Ufalme ulijibu kwamba hauna mtu wake yeyote aliyebaki. Na anayekusanywa akakosa wa kumdai, huko hawamrudishi. Hubaki.

Faili la Halvek lilisema waliingia wawili, katoka mmoja.

Walimchukua Nunuu shuleni saa tatu asubuhi, darasa linasoma kwa zamu. Mwalimu alisema walikuwa watu wastaarabu, walimwacha amalize sentensi yake.

*

Mtunza Mkuu wa masjala aliitwa Bwana Shekue. Makungu alimkuta mezani anabambua karanga, maganda anayakusanya kwenye bahasha ya serikali.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Makungu. Kaa. Utakunywa chai?”

“Yule mtoto wa faili la Halvek ni wangu, mzee. Nunuu. Nimemzaa mimi.”

“Najua.”

Njia nzima Makungu alikuwa amejiandaa kutoaminiwa. Alikuwa na cheti cha kliniki mfukoni, alikuwa na majina ya mashahidi. Sasa vyote vikawa havina kazi.

“Unajua, mzee?”

“Si nilikuja kwenye akika yake? Nikala pilau kwako, Hidaya akanifungia na nyingine. Nitakosaje kujua?”

“Basi si umtoe.”

“Nimtoe kama nani? Faili linasema ni wa Halvek.”

“Faili nimeliandika mimi. Niliazima. Nafasi ilikuwa tupu, nikaogopa kuileta kwako tupu.”

“Ungeileta tupu ningekufukuza,” Bwana Shekue akasema, bila ubaya wowote. “Ulifanya kazi yako.”

“Basi leo tuifute. Tuandike hana mtoto.”

Bwana Shekue alitafuna kwanza, akameza, ndipo akajibu. Sauti yake ilikuwa laini, na hiyo ndiyo iliyotisha.

“Hawa wa Ng'ambo wanadai nini? Kwamba tumeshika vitu vya uongo. Leo nikimfuta mtoto mmoja nimewaambia kweli, ni vya uongo. Na nikishafuta mtoto, nitafuta mama wangapi? Makovu mangapi? Wewe peke yako umeazima mara ngapi?”

Makungu akakishika cheti cha kliniki mfukoni.

“Idadi haiguswi,” mzee akasema. “Waliingia wawili, katoka mmoja, mmoja yupo. Hilo hata mimi sina uwezo nalo. Ila jina.” Akapuliza maganda kwenye kiganja. “Jina hukosewa. Karani ni binadamu. Jina naweza kuruhusu lisahihishwe.”

Akamsogezea faili na kalamu, akaendelea na karanga zake.

Jina. Jina tu, jamani, si jambo dogo hilo? Lakini la nani, Makungu akawaza. La mtoto wa jirani, hapana, nimekula kwao. La mtoto wa dada yangu, hapana, hapana. Mtoto wa adui yangu. Nani adui yangu? Miaka kumi na tisa dirishani, mtu mwema, mtu asiyeinua uso, na leo sina hata adui mmoja wa kunifaa. Ningekuwa mbaya kidogo tu zamani, leo ningekuwa na pa kuanzia. Na mtu ni nini kabla hajaandikwa? Anakula, analia, anaota, lakini yupo wapi? Na je, aliyeandikwa kabla ya kuwapo, huyo naye yupo wapi? Hapo Makungu akasimama. Akaona upenyo. Kwa nini awe mtoto wa mtu? Andika jina lisilo na mtu. Jina ambalo hakuna mama aliyewahi kulipaza uani. Serikali na imkamate huyo, imlishe, imlinde, imfungie mlango. Moyo ukamwenda mbio kwa ujanja wake mwenyewe. Akakusanya sauti zisizofuatana katika kabila lolote alilolijua, akaziunganisha, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri.

“Zirimina,” Bwana Shekue akasoma. “Zuri. La wapi?”

“La kwao huko, mzee.”

“Haya.” Akapiga kengele, askari akaingia, akapewa karatasi. “Huyu, aletwe.”

Makungu alikaribia kucheka. “Mzee, huyo hayupo.”

“Umefanya kazi hapa miaka mingapi, Makungu?”

“Kumi na tisa.”

“Na umewahi kuona tumeandika mtu akakosa kupatikana?”

Alishuka ngazi. Bi Kazija alimpokea chini, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Ucheshi ulimtoka wote. Kwa muda mrefu alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

“Kwa nini hukuja kwanza kwangu?” akasema. “Ningekupa wangu. Yule niliyemzika. Ana miaka tisa mpaka leo.”

“Sikufikiri, dada.”

“Wangetaka kuchimba, wangechimba. Asingesikia kitu.” Akainuka kwa shida. “Ulitaka kuwa mjanja, Makungu. Wajinga wenzako tunazika, wewe unabuni.”

*

Walimleta kabla ya saa sita. Mtoto wa kike wa miaka minane au tisa, kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine iko wazi, maana alitumwa duka la sokoni msusi akiwa hajamaliza. Mkononi alishika kidumu cha mafuta ya taa kilichojaa mpaka shingoni, na njia nzima ndani ya gari la askari, makona na mashimo yote yale, hakuwa amemwaga hata tone. Alikiweka chini taratibu, akakisimamia.

Bwana Shekue alimweleza Makungu utaratibu. Saa saba atakuja mhakiki. Atamuuliza mtoto jina lake mara tatu na jina la baba yake mara tatu. Akijibu bila kusita, jina jipya limekamata, la zamani linaachiwa. Akisita hata mara moja, sahihisho limebatilika, na Nunuu anabaki alipo.

“Chumba hicho pale,” mzee akasema. “Una saa moja. Wewe unajua kufundisha, nimeambiwa.”

Chumba kilikuwa na benchi moja na ukuta mmoja wa mbao nyembamba. Wakaketi. Mtoto alimwamkia vizuri, shikamoo baba, kama alivyofunzwa kwao. Halafu akasema, “Nikichelewa mama atagomba. Maharage yako jikoni, jiko halina mafuta.”

“Hutachelewa.”

“Mimi naitwa Mwa—”

Makungu akamziba mdomo. Hakupanga; mkono ulikwenda wenyewe, mkono ule ule ulioandika. Chini ya kiganja akasikia midomo ya mtoto inamalizia, pumzi ya joto, silabi mbili au tatu, na akashukuru kwamba kiganja hakina masikio. Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwantumu, Mwanaidi, Mwanakombo. Nusu ya nchi inaanza hivyo, ndiyo maana hakukuwa na hatari. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alipoondoa mkono mtoto hakulia. Alimtazama tu, kama anayengoja kuelezwa kosa lake.

“Tutacheza mchezo,” Makungu akasema, kwa sauti ya nyumbani. “Ukiuweza unakwenda zako. Sema: Zi.”

“Zi.”

Kofi.

“Ri.”

“Ri.”

Kofi. Na mi, na na. Mara ya kwanza alisema Zimirina. Mara ya pili akalisema sawa halafu akaongeza la kwake mwishoni, maana hakuona kwa nini yasikae yote mawili. Makungu hakumkaripia. Alitoa sukari guru mfukoni, akamvunjia kipande. Mwanangu, sema tena. Mtoto akasema tena. Mwanangu, sema tena. Baba yako nani? Baba alikufa. Hapana, katika mchezo huu. Katika mchezo huu ni Bwana Halvek. Sema tena. Alikuwa mtoto mwepesi wa akili, mwenye kupenda kusifiwa, na kadiri saa ilivyokwenda Makungu aliona jambo ambalo angelitoa macho yake asilione: uso unabadilika. Si sana. Kila alipolijibu lile jina bila kufikiri, kitu kidogo kilitulia usoni pake, kama maji yanavyotulia. Hapo angeweza kuacha. Muda ulikuwapo, mlango haukuwa na kufuli, sokoni si mbali, angemshika mkono akampeleka kwa mama yake na maharage yake. Alilifikiria hilo lote, mwanzo hadi mwisho. Halafu akamwona Nunuu amekaa mahali asipopajua, akasema, “Mwanangu, sema tena, upesi zaidi.”

Roho ya mzazi haina jirani. Ukiibana inamla mtoto wa mwenzie, na ikishamla inafuta mdomo, inasema ni mapenzi. Yeyote anayesema asingefanya hivyo, na akae na wanawe kwanza, awahesabu, ndipo aniambie.

Mhakiki alikuja saa saba kamili, kijana nadhifu mwenye mihuri miwili, akasimama mlangoni.

“Jina lako nani?”

“Zirimina.”

“Jina lako nani?”

“Zirimina.”

“Jina lako nani?”

“Zirimina,” mtoto akasema, na mara hii alionekana kushangaa kwa nini mtu anamuuliza kitu kinachojulikana.

Baba yake mara tatu, Bwana Halvek mara tatu. Muhuri ukapigwa juu ya faili, mlio mmoja mkavu. Mtoto akageuka kwa Makungu, sukari imemganda pembeni mwa mdomo.

“Nimeweza?”

“Umeweza.”

“Ninakwenda nyumbani sasa?”

Mhakiki akamshika bega kwa upole, akamwelekeza kwenye mlango wa pili, ule wa kwenda ndani. Mtoto akasimama kidogo.

“Nishikie mafuta,” akamwambia Makungu. “Usiyainamishe, kifuniko hakikazi.”

Makungu akapokea kidumu. Mlango ukafungwa.

*

Nunuu alitolewa kwa mlango wa mbele, na Makungu alimpita asimjue. Aliyekuwa amesimama pale kwenye baraza ni msichana wa miaka kumi na mitatu, sare imempanda juu ya magoti, vifungo viwili vimekatika kifuani, vidole vya miguu vimetoka nje ya viatu. Miaka minne iliyozuiwa ilimrudia yote kwa mkupuo mara muhuri ulipopigwa, akiwa amekaa sakafuni peke yake, na ilikuwa imemuuma. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini hayakuwa macho ya kumkimbilia mtu mlangoni.

“Baba.”

“Mwanangu,” Makungu akasema, akanyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika kidumu.

Nunuu hakuushika. Alikitazama kidumu.

“Cha nani hicho?”

“Cha mtoto mmoja.”

“Yule uliyekuwa naye?”

Bi Kazija, aliyekuwa amefika nyuma yao, akageuka akaingia ndani polepole.

“Nilikuwa nyuma ya ukuta, baba,” Nunuu akasema. Sauti yake ilikuwa ngeni, nzito kidogo, lakini haikutetemeka. “Waliniweka chumba cha pili. Nilisikia makofi nikajua ni wewe. Nikajua umekuja kunichukua. Kila uliposema mwanangu, sema tena, nilikuwa naitika mimi. Nilikuwa nasema kila ulichotaka nikiseme. Zirimina, Zirimina. Nilidhani ndiyo yatakayonitoa.”

“Ndiyo yaliyokutoa,” Makungu akasema.

“Na yeye?”

Barabarani watu walikuwa wanapita na vikapu vyao vya mchana. Askari wa mlangoni alitoa karatasi, akatangaza kwamba leo itaendelea. Makungu alitafuta neno, mtu aliyebeba kichwani majina ya wageni elfu na zaidi, na mama zao, na magonjwa yao, na hakuna hata moja lililomjia.

“Nipe nimpelekee mama yake,” Nunuu akasema, akachukua kidumu kutoka mkononi mwa baba yake, akakishika wima. “Mtoto mwenyewe anaitwa nani?”

“Zirimina.”

“Hilo ni letu. Nakuuliza lake.”

“Mwa,” Makungu akasema.

“Mwa nani?”

Akangoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko watoto wanavyoweza kungoja. Halafu akampa mgongo, akashuka ngazi za masjala kwa ile miguu yake mipya asiyoizoea, akashika njia ya sokoni. Makungu akamfuata kwa mbali, asithubutu kumwita. Kwenye kichochoro cha kwanza walikuwapo wanawake wamekaa barazani wanachambua mchele. Nunuu akasimama mbele yao, akawaamkia, akawauliza kama kuna aliyemtuma mtoto mafuta ya taa na mtoto hajarudi. Wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili akamtazama mwenzake. Wa tatu aliweka ungo chini, akainuka.